Gaude Aliniuliza, Nami Nikamjibu

Jumapili, Julai. Mfaranyaki, saa kumi jioni.

Baridi ya leo haina adabu. Nimevaa masweta mawili na soksi za sufu, jiko la mkaa liko miguuni, na bado vidole vinakakamaa juu ya simu. Lakini siandiki kwa sababu ya baridi. Naandika kwa sababu nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumanne, na katika ukoo huu hakuna mtu ninayeweza kumkasirikia bila kuitwa Mjerumani.

Mjerumani. Ndilo jina langu siku hizi. Nikisema samahani, Mjerumani. Nikifika saa nane kwenye kikao kilichopangwa saa nane, Mjerumani. Wapo watu hawajawahi kulala nje ya Ruvuma hata usiku mmoja, na hao ndio wanaonifundisha kwamba nimesahau kwetu.

Kwa aliyeingia kwenye ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: jina langu ni Editha. Niliishi Ujerumani miaka kumi na moja, nikihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilirudi Songea mwaka jana mwezi wa tatu. Masanduku yote yalifika salama. Ulimi ndio ndugu zangu wanasema umebaki huko.

Makosa madogo nayakiri. Simu ikiita napokea kwa kutaja jina la ukoo, "Komba," basi, kama nilivyozoea kule, na aliyepiga anakata akidhani amekosea namba. Nikikubaliana na mtu nasema "genau", yaani hasa, kabla sijajizuia, mpaka mama anayeniuzia nyanya ameniita Mama Genau mbele ya wateja wake. Mtu akiniuliza habari za asubuhi namwambia nimelala vibaya, mgongo unauma, halafu naona anavyoduwaa, kwa sababu hakuwa anauliza habari za mgongo.

Na kwenye chakula ndiyo kabisa. Nikikaribishwa nami sina njaa, nasema hapana, asante. Mwenye nyumba anabaki ameshika jagi la maji ya kunawa, hajui aliweke wapi. Hapa kwetu hatusemi hapana. Unanawa, unamega tonge moja, unasema nimetoka kula sasa hivi, unashukuru, yameisha. Nayajua hayo, nimezaliwa hapa na nimelelewa hivyo. Lakini neno linatoka kabla mimi mwenyewe sijafika.

Haya tulikuwa tunayacheka wote. Tuliyacheka mpaka Jumanne.

Jumanne saa nne asubuhi alifariki baba mdogo Kassian, mdogo wa marehemu baba yangu. Nilikuwa naye. Kukaa na watu wanaoondoka ndiyo ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo ukoo uliniachia kitanda chake wiki mbili nzima. Wakati wa kumgeuza, kumwosha na kumlisha uji kwa kijiko, sikumsikia mtu akilalamika kuhusu Ujerumani. Nilimfumba macho mimi. Kisha nikampigia baba mkubwa Ladislaus, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki.

Baba mkubwa akakata simu, na baada ya nusu saa akanipigia mwenyewe, akasema, "Haya. Mungu amempenda. Sasa sikiliza mwanangu. Gaude simpati, nampigia hapokei. Akikupigia wewe, mwambie mzee kazidiwa kidogo, apande gari aje."

Gaude ni binti pekee wa baba mdogo. Ameolewa Mbesa, huko Tunduru, ana watoto watatu na shamba la mahindi.

"Na akiniuliza kama yuko hai?"

"Mwambie aje."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na hilo nalikiri hapa, maana kwa baba mkubwa kunyamaza ni kukubali.

Saa sita mchana Gaude akapiga. Nyuma yake nilisikia mashine ya kusaga ikiunguruma.

"Shikamoo dada. Baba anaendeleaje?"

"Marahaba. Gaude, kaa chini kwanza."

"Nikae wapi dada, niko kwenye foleni mashineni. Baba anaendeleaje?"

Aliniuliza mara mbili. Naomba hilo liandikwe mahali.

Nikamwambia: "Gaude, baba amefariki. Leo saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono, na mwishoni hakuteseka."

Ndivyo tulivyofundishwa kazini. Unamtaja mtu kwa jina, unalisema neno lenyewe, huzunguki, husemi amepumzika wala ametutoka, na hukati simu mpaka mwenzako amesikia. Nimewapigia hivyo watoto wa wazee wengi kule, kwa lugha yao, na walikuwa wananishukuru. Wengine waliniandikia kadi.

Gaude hakunishukuru. Alipiga ukelele mmoja, kisha nikawa nasikia mashine tu. Niliita haloo, haloo, mpaka simu ikachukuliwa na mwanamke mwingine.

"We nani? Umemwambia nini huyu mama?"

Nikamweleza.

"Yaani umemwambia hivi hivi?" Akakata.

Haikupita hata saa nzima, ukoo wote ukawa unajua. Shangazi Skolastika, dada yao akina baba, alinikuta nafua mashuka ya marehemu uani. Hakunisalimia. Alisema, "Editha, humo kifuani kwako kuna moyo au kuna tofali?" Nilikuwa sijalala siku mbili. Mikono ilikuwa imeparara kwa sabuni na maji ya baridi. Tofali.

Jumatano Gaude akafika. Kwa msiokulia huku nieleze jinsi ambavyo ingetakiwa kuwa. Mtoto wa marehemu anayetoka mbali hupokelewa stendi na watu wazima wawili. Njiani wanamuuliza habari za safari, za mume, za watoto. Nyumbani kilio kinasimamishwa, wanawake wanakaa kimya kwenye mikeka. Anaingizwa ndani, anapewa maji, anakalishwa katikati ya mashangazi wenye nguvu. Hapo ndipo mmoja anamwambia. Ni kazi, na ina watu wake. Baba mkubwa na shangazi Skola walikuwa wamejiandaa kuifanya.

Badala yake Gaude aliteremka kwenye basi na kanga ya msiba kiunoni, macho yamevimba, sauti imekauka. Shangazi anasema alilia tangu Tunduru, na abiria walikuwa wanapokezana kumshika. Sentensi hiyo ya abiria kupokezana nimeambiwa mara tatu na shangazi, kila mara akinitazama usoni.

Alhamisi tukazika. Wasifu wa marehemu ulikuwa niusome mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye mwishoni. Baba mkubwa alipoona karatasi yangu aliikunja akaitia mfukoni. Nilikuwa nimeandika kwamba baba mdogo alikuwa mkali, kwamba alikunywa pombe ya komoni kupita kiasi miaka mingi, na kwamba pamoja na hayo hakuna hata mwaka mmoja ambao Gaude alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare au daftari. Kwangu hiyo ilikuwa sifa kubwa. Akasoma mtu mwingine, akasema marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu. Baba mdogo Kassian mcheshi! Nilisimama pale kaburini nikajiuliza tunamzika nani.

Ijumaa tukaanua matanga, na baada ya hapo kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa mimi.

Nitakuwa mkweli, baba mkubwa hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Alisema taratibu, "Mwanangu, hatukukuambia umdanganye. Tulikuambia umlete."

Hapo nikalipuka.

Niliwaambia, mimi nami mlinileta. Miaka minne iliyopita, baba mkubwa, ulinipigia wewe mwenyewe Ujerumani. Ulisema mama kapata homa, anakuulizia, ukipata nafasi njoo. Nilikuuliza mara tatu kama mama yuko hai. Mara tatu ulinijibu, Mungu mkubwa, wewe njoo. Nikapanda ndege nikiwa na dawa na magauni mawili mapya ya kulalia, yale ya vifungo mbele, ili asisumbuke kuvaa. Nikatoka Dar na basi. Nikafika kona ya nyumba yetu nikaona turubai na viti vya plastiki. Kifo cha mama yangu niliambiwa na turubai. Mlikuwa mmeshamzika siku mbili kabla, na nyote hapa mlikuwa mnajua.

Hata watoto waliokuwa mlangoni waliacha kusukumana. Nilidhani wamenielewa.

Shangazi Skola akasema, "Kwani ungeambiwa mapema ungemfufua?"

Uamuzi wa kikao ulikuwa hivi. Kwanza, siku za misiba simu nisipokee mimi. Pili, nimwombe Gaude radhi kabla hajarudi Mbesa. Anaondoka kesho, Jumatatu. Baba mkubwa alisema kama sitafanya hivyo, yeye hatanilazimisha, ila nisishangae Gaude asipokanyaga tena kwangu, na watoto wake wakakua bila kunijua.

Nilijibu hapana. Nilisema siombi radhi kwa kusema kweli. Nikaongeza, bila kukusudia, "Genau," na mtu mmoja nyuma akacheka, na nikaondoka.

Siku mbili nimezunguka na hasira hiyo. Nimesugua masufuria yasiyo na masizi. Gaude ndiye niliyemlea mgongoni nikiwa na miaka kumi. Sina mtoto. Sina mama, sina baba, na dada wala kaka wa tumbo moja sikujaliwa. Nilirudi Songea kwa sababu kule nilikuwa nawafumba macho watu wa wengine, nikajiambia angalau nyumbani nina Gaude. Sasa naambiwa niungame kosa au nimkose. Hayo ni mashauri gani?

Leo baada ya misa ya pili amekuja mwenyewe.

Alipiga hodi jikoni, akanikuta nachambua maharage. Shikamoo, marahaba. Akavuta kigoda, akaingiza mkono kwenye ungo, akaanza kuchambua na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, sikujiandaa kwa hilo.

Kwanza akaniuliza habari za baba yake. Alikula nini siku ya mwisho? Uji, vijiko vinne, na togwa kidogo. Alisema nini? Aliuliza kama mbuzi wamefungwa. Alinitaja? Nilimwambia ukweli, kwamba siku ya mwisho hakumtaja mtu, ila juzi yake alimwita Gaude mara nyingi, na mimi nikawa naitika. Aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Nikaona moyoni, haya sasa, huyu anaweza kuusikia ukweli kuliko wazee wote wale.

Kisha akasema, macho yakiwa kwenye ungo, "Dada, siku ile nilikupigia wewe makusudi."

"Najua. Kwa sababu mimi sikufichi."

"Hapana."

Akatoa kokoto kwenye ungo, akaitupa nje.

"Mimi nilishajua, dada. Baba mkubwa alinipigia mara tatu asubuhi moja. Tangu nizaliwe, baba mkubwa hajawahi kunipigia mara tatu. Nikaiangalia ile simu inaita, sikupokea. Nikabeba mahindi nikaenda mashineni ili niwe na watu. Ndiyo nikakupigia wewe, uniambie kazidiwa kidogo."

"Sasa kama ulijua, ulitaka nikwambie hivyo ili iweje?"

"Nije na baba. Mpaka Songea tu. Nije naye hai mpaka stendi, halafu wanichukue."

"Si ungempokea baba mkubwa, akakwambia hivyo hivyo?"

"Neno la baba mkubwa nisingeliamini. Kila mtu anajua wazee wanasemaje. Wewe ungeniambia, ningeamini."

Nilikasirika. Mbele yake, pale pale, na mfiwa ni yeye. Nilimwambia swali ni swali, Gaude. Mtu hauulizi ukweli akitegemea kupewa kitu kingine. Nilimwambia mimi si mganga wa kusoma moyo wa mtu aliye Mbesa kupitia kelele za mashine. Nilimwambia watu wazima wanaambiwa mambo, watoto ndio wanaofichwa. Nilisema mengi, kwa Kiswahili safi, na naona hata Kijerumani kiliingia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ndiyo, dada." Akamaliza kuchambua maharage, akakung'uta kanga, akaniambia basi lake ni la saa kumi na mbili asubuhi, akaaga vizuri. Mkono alinipa. Lakini kwa kuondoka alipita mlango wa mbele, ule tunaopitisha wageni tusio na mazoea nao.

Nimekaa hapa tangu saa nane. Nilifungua ukurasa huu ili nijitetee, na naona nimejitetea vizuri. Nikiusoma tangu mwanzo nashinda kila mahali. Aliuliza, nikajibu. Nani ataniambia nilisema uongo?

Ila kuna jambo sijalisema kikaoni, wala sijawahi kulisema popote.

Baba mkubwa aliponipigia kuhusu mama, nilimuuliza mara tatu, kweli. Sikumuuliza mara ya nne. Ningeweza. Ningeweza kumpigia shangazi, jirani, paroko, mtu yeyote mwenye simu Songea hii. Mimi, ambaye wiki ile ile nilikuwa nimewapigia watoto wa mzee mmoja nikawaambia neno lenyewe bila kuzunguka, sikumpigia mtu. Nilikata simu, nikafungua kabati, nikatoa gauni langu jeusi. Nikalipiga pasi, mikono na kola. Nikalikunja nikalilaza chini kabisa kwenye sanduku, kisha nikaenda dukani kununua vitu vya mgonjwa vya kuweka juu yake.

Mtu hapigi pasi gauni jeusi kwa ajili ya homa.

Nilijua. Kwenye ndege alikaa pembeni yangu bibi mmoja, akaniuliza naenda wapi. Nilimwambia naenda kumwona mama, anaumwa kidogo. Akauliza mama ana miaka mingapi, anapenda nini. Nikamweleza habari za mama safari nzima. Anapenda kunde, anapenda kuimba alto kanisani, ana mdomo, hapendi watu wanaochelewa. Nilisema "anapenda", "ana", "hapendi", na hakuna aliyenisahihisha. Kwenye basi kutoka Dar nikafanya hivyo hivyo na abiria mwingine. Siku mbili nilimzungumzia mama yangu kama aliye hai, na watu wakanisikiliza, na nilikuwa na furaha. Miaka minne nimekuwa nikiwadai wazee hawa siku mbili zile, nikisema waliniibia.

Hawakuniibia. Walinipa. Zile za Gaude ndizo zilizochukuliwa, na nilizichukua mimi.

Bado nina hasira, jamani. Nina hasira na shangazi na tofali lake. Nina hasira na wasifu ule wa mtu mcheshi ambaye hatukumzika. Kazi yangu ya miaka kumi na moja siitupi kwa sababu ya kikao kimoja, na wale waliotaka kuambiwa waziwazi nitaendelea kuwaambia. Lakini sikumuuliza Gaude kama yeye ni mmoja wao. Nilimwambia akae chini, na alipokosa pa kukaa sikungoja.

Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri nitakuwa mlangoni kwao na kurunzi. Nitambebea begi mpaka stendi. Nitamweleza habari ya gauni jeusi, yote, pamoja na pasi. Kama huko ndiko kuomba radhi, basi na iwe. Ila nitamwambia yeye, siuambii ukoo, na wao humu hawaingii.

Kisha nitamwomba anisimulie baba yake njia nzima, namna alivyo, si alivyokuwa, na nitaitikia.